Shanga Ulizoniachia Nikutunzie

Shangazi,

Nimeandika neno hilo moja, kisha nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kuandika la pili. Kuna siku lilitakiwa kutoka mdomoni mwangu mbele ya watu, na halikutoka. Wewe unaijua siku hiyo, ulikuwepo. Mpaka juzi tulikuwa tunaijua wawili tu, na mmoja amekufa, kwa hiyo nilidhani nimepona. Sijapona.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, kama ulivyopenda kuanza barua zako. Hapa Angurai mvua imekuja vizuri na mahindi ya Baba yamefika magotini. Mama aliingiza cherehani yako ndani, akaifunika kwa kile kitambaa chako cha maua, na hataki mtu aweke kitu juu yake, hata kikombe. Kanisani ile ramani ya Karamoja, kule Uganda, uliyoichora kwa mkono bado iko ukutani kule nyuma, na chini yake yale maneno, "Mmisionari Wetu". Hakuna aliyeitoa. Mimi nimemaliza shule na sasa nangoja matokeo. Kitambulisho changu kimetoka wiki iliyopita. Kwenye picha nimeangalia chini. Mpiga picha alichoka kuniambia, "Msichana, inua macho bwana, hakuna mtu atakula wewe."

Nakumbuka Jumapili uliyotumwa. Nilikuwa bado shule ya msingi. Ulipiga magoti kwenye saruji na gauni lako la bluu, mchungaji na wazee wakakuwekea mikono kichwani, na baada ya ibada kukawa na mnada wa vitu ambavyo watu walikuwa wametoa kwa ajili ya safari yako. Kulikuwa na mkungu wa ndizi, maboga, mayai kwenye bakuli, na jogoo aliyekuwa akipiga kelele kushinda kwaya. Baba mdogo ndiye aliyemchukua yule jogoo. Akamshika miguu, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Wamisionari wanatoka ng'ambo na ndege. Wewe dada yangu, ng'ambo yako ni hapo Malaba, unavuka na miguu!" Watu walicheka. Wewe ulicheka kuliko wote, ukamjibu, "Basi mimi ni mmisionari wa miguu."

Watoto wakaanza kukuita mzungu mweusi. Mimi nilijivunia hilo jina. Nilitembea nyuma yako nimekubebea Biblia, na aliyetaka kuigusa ilibidi aniombe mimi kwanza.

Ulipokuja mapumziko ulitueleza mambo ya huko, ukiwa umekaa jikoni na Mama, miguu yako ndani ya beseni la maji ya moto. Mwaka wa kwanza hakuna aliyekusikiliza. Walikuuliza mume wako yuko wapi, ng'ombe wako wako wapi, na uliposema huna, wakakuonea huruma, wakakuletea maziwa. Ulisema ulienda kuwasaidia maskini ukakuta maskini ni wewe. Ukaacha kuhubiri. Ukaenda kukaa karibu na pampu ya maji na sindano yako, ukawa unamshonea nguo iliyochanika mtu yeyote aliyekuja kuteka. Lugha yao ni ndugu ya Kiteso chetu. Ulisema ni lugha ya nyumbani, ila imekaa juani zaidi. Kwa hiyo mlikuwa mnaongea, wewe ukishona, wao wakingoja mtungi ujae. Baada ya miezi mingi mama mmoja akakuuliza zile alama nyeusi ndani ya kitabu chako zinasema nini. Ukatafuta kipande cha bati, ukakipaka rangi nyeusi, ukaanza kuwafundisha kusoma asubuhi kabla mbuzi hawajatoka.

Nilizipenda hizo hadithi. Nataka ujue hivyo. Kabla sijaanza kukuonea aibu, nilikupenda bila kuangalia nyuma.

Sijui ilianza lini hasa. Nakumbuka Jumapili moja nikiwa kidato cha pili, mchungaji alikuita mbele utoe ripoti. Mzee mmoja akauliza, "Mpaka sasa wameokoka wangapi?" Ukasema hujawahi kuwahesabu, lakini unawajua kwa majina. Ukaanza kuyataja, mmoja mmoja. Huyu anaitwa hivi, mtoto wake wa kwanza alifariki wakati wa kiangazi. Huyu anaitwa vile, sasa anasoma Zaburi bila kusaidiwa. Ulitaja na kutaja. Watu walianza kuangalia saa, na mimi niliangalia saa. Nilitamani uketi.

Na shuleni nilikuwa nimempata Sharleen. Wewe ulimwona siku moja tu, kwa hiyo nikueleze. Ni msichana wa Burumba, mama yake anauza nguo za jumla pale Busia mjini, na Sharleen anaongea na kila mtu kana kwamba amezaliwa naye. Mimi ni mtu wa haya, unanijua. Kidato cha kwanza chote nilikula peke yangu nikijifanya nasoma. Siku Sharleen aliponiambia, "Wee Akisa, mbona unakaa huko kama mlinzi? Kuja hapa," nilipata mahali pa kukaa. Na nikaanza kupalinda hapo mahali kuliko kitu kingine chochote.

Sasa niandike ile siku.

Ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Mama alikuwa na homa. Wewe ulikuwa umefika Angurai jana yake jioni kutoka Karamoja, safari ya siku mbili kwenye malori, na badala ya kupumzika uliamka ukapika chapati na kuku, ukaja. Nilikuona langoni. Ulikuwa umevaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ile shuka nyekundu uliifunga begani kama wanavyofunga wao siku ya sherehe. Viatu vyako vya akala, vilivyokatwa kwa tairi, ulikuwa umevipaka mafuta vikang'aa. Na shingoni shanga zako. Ulivaa hivyo kwa ajili yangu. Mimi niliona miguu iliyopasuka na mama anayefanana na mchunga mbuzi, na nikaona wasichana wa kidato chetu wameketi kwenye nyasi na mama zao.

Nikakushika mkono, nikakupeleka nyuma ya tangi la maji. Ulidhani nina siri ya furaha ya kukuambia. Nikasema, "Shangazi, toa hizo shanga."

Ukasema, "Hazitoki, mwanangu. Nilifungwa."

Ukanieleza pale pale, kwa haraka, kwa sababu uliona uso wangu. Kwamba ulipougua sana na kila mtu akadhani utarudi kwenu ukapone huko, wale akina mama kila mmoja alitoa ushanga mmoja shingoni mwake, wakazitunga kwenye uzi wa ngozi, wakakufunga fundo lisilofunguka. Ili usiende. Au ukienda, ujue una mahali pa kurudi. Mimi nilikuwa nasikia huku naangalia juu ya bega lako kama kuna mtu anakuja.

Nikasema, "Tafadhali."

Nilikuwa na wembe mfukoni, ule wa kuchongea penseli. Nikautoa. Nikakupa.

Uliuangalia ule wembe, kisha ukaniangalia mimi, kisha ukauingiza chini ya uzi na kuukata. Shanga zikamwagika kwenye nyasi. Tukapiga magoti wote wawili kuziokota, na wewe ukawa unacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka mwenzake asijisikie vibaya. Ulisema, "Angalia hiyo ya kalamu isipotee." Maana hazikufanana hata kidogo. Mmoja ulikuwa wa mfupa. Mwingine ulikuwa kipande cha bomba la kalamu kilichokatwa. Mwingine kifungo cha shati. Kulikuwa na za bluu, nyekundu, mmoja wa mbao ulioungua upande mmoja. Ukazifunga kwenye leso.

Tulipotokea kwenye nyasi Sharleen alipiga kelele, "Akisa! Kujeni huku!" Halafu akanong'ona, lakini Sharleen hajui kunong'ona, "Manze, huyo mathe wa akala ni nani?"

Nikasema, "Ni mama anatusaidia kazi nyumbani."

Nilisema polepole. Lakini ulikuwa nyuma yangu hatua moja.

Sikugeuka. Nilingoja. Nilijua sasa utasema, na nilikuwa nimeshaanza kukuchukia kwa kusema kwako. Ukasogea mbele, ukasema, "Hamjambo wasichana. Mama Akisa ni mgonjwa, amenituma nilete chakula."

Nimelifikiria sana hilo jibu. Kila neno lake lilikuwa kweli. Mama alikuwa mgonjwa na alikutuma. Siku ile kati yetu wawili aliyesema uongo ni mmoja tu.

Kisha ukachukua jagi na beseni. Hakuna aliyekuomba. Ukamnawisha mama yake Sharleen, naye akatoa mikono huku akiongea na simu, bila kukutazama. Ukamnawisha Sharleen. Ukaja kwangu. Ulinimiminia maji polepole mpaka sabuni ikaisha yote katikati ya vidole, kama ulivyonifanyia nikiwa mtoto, na sikuinua macho. Halafu ukaenda kuketi peke yako kwenye ngazi za maabara.

Mama yake Sharleen akasema, "Huyu wenu ana adabu. Mlimpata wapi?"

Nikasema, "Karamoja."

Wakacheka. Nikacheka nao.

Petro wa Biblia alipofanya kama mimi, alitoka nje akalia. Mimi nilikula chapati mbili. Zilikuwa laini, ulikuwa umeweka maziwa kwenye unga.

Ulipokuwa ukiondoka nilikusindikiza mpaka langoni kwa sababu hapo hakukuwa na mtu. Ulinipa ile leso. Ukasema, "Nitunzie, kwangu zitapotea mfukoni. Nikija tena tutazitunga, wewe na mimi." Ukanishika shavu. Nilisubiri unigombeze. Kama ungenigombeza ningekuwa na kitu cha kukukasirikia na ningelala. Ukasema tu, "Kumsaidia mama yako kazi si jambo baya, Akisa. Mimi sioni aibu." Ukaenda, na shingo yako ilikuwa na mstari mweupe pale shanga zilipokaa miaka yote hiyo.

Niliiweka leso chini kabisa ya sanduku langu la shule na sikuifungua. Wewe ulirudi Karamoja kabla hatujafunga shule. Nilijiambia nitakuomba msamaha ukija Krismasi. Niliandaa mpaka maneno.

Homa ilikupanda kichwani muhula wetu wa mwisho, nikiwa katikati ya mtihani. Hawakuniambia mpaka nilipomaliza karatasi ya mwisho. Baba alienda kukuchukua hospitali ya huko na pikapu ya jirani. Kurudi, pale Malaba alikaa kwenye foleni pamoja na matrela, na askari wa mpakani akamuuliza, "Mzee, umebeba mzigo gani?" Baba akasema, "Dada yangu." Ametueleza hilo mara moja tu. Hatukuwahi kumuuliza tena.

Siku ya mazishi walinichagua mimi kusoma wasifu wako, kwa sababu kila mtu alijua ulinipenda. Mama ndiye aliyeuandika. Kulikuwa na mstari unasema, "Alimpenda Akisa kama mtoto wake wa kumzaa, hata alimtembelea shuleni." Niliusoma, Shangazi. Mbele ya kanisa zima, na wewe ukiwa umelala hapo, niliusoma kwa mdomo ule ule. Watu walilia. Walidhani sauti yangu inatetemeka kwa uchungu.

Sharleen na wasichana wengine wawili walikuwa wamekuja kunifariji. Picha yako kubwa ilikuwa imesimamishwa karibu na jeneza, umefunga ile shuka nyekundu begani. Baadaye, tukiwa kwenye foleni ya chakula, Sharleen akanivuta kando. "Akisa, pole lakini, huyo kwa picha si ni yule mama wenu wa kazi?"

Nikasema, "Wanafanana."

Ulikuwa bado hujafunikwa udongo vizuri.

Siku nne baada ya hapo walikuja wageni wako. Wanawake wawili, mmoja mzee anayeitwa Nakiru, mwingine kijana anayeitwa Nachap. Habari ziliwafikia kwa kuchelewa. Walipanda malori mpaka mpakani, na kutoka Malaba wakatembea, wakiuliza njiani kwa jina lako. Hawakujua kama tumekuzika. Walikuwa wamebeba kibuyu cha samli.

Nakiru alitaka kaburi kwanza. Aliketi chini kwenye udongo, akanyoosha miguu, akaongea na wewe muda mrefu kama mtu aliyekuja kutembea. Nilielewa nusu. Alikuambia mbuzi gani amezaa. Alikuambia bati lako limechukuliwa na upepo, na limepatikana.

Tulipoingia ndani akamuuliza Baba kama ulizikwa na shanga zako. Baba hakuwa na habari ya shanga. Akamwangalia Mama, kwa sababu Mama ndiye aliyekuvalisha. Mama akasema, "Hakuwa na kitu shingoni."

Nachap akasema labda watu wa hospitali walizitoa. Nakiru akaweka mkono kwenye shingo yake mwenyewe na kusema, "Basi walizikata."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia ya chai. Leso ilikuwa kwenye sanduku, chumba cha pili. Hata hatua kumi hazifiki. Nilimimina chai. Nikawauliza kama wanataka sukari.

Waliondoka asubuhi yake. Tukawasindikiza mpaka barabarani, na kabla hatujaachana Nachap akaniuliza, kwa aibu, yeye naye ni mtu wa haya, kama mimi ndiye Akisa. Nikasema ndiyo. Akatoa kalamu, akaomba karatasi, hatukuwa nayo, akachukua pakiti tupu ya majani ya chai iliyokuwa imetupwa njiani, akaikunjua juu ya goti. Akaandika herufi tano, kubwa, moja imelala kidogo. AKISA. Akasema, "Hili ndilo neno la kwanza nililosoma maishani mwangu. Sisi wote. Mwalimu alisema tuanze na jina la mtoto wake."

Walienda zao. Mimi nilirudi nyumbani nimeshika ile pakiti. Niliiweka juu ya kitanda nikaiangalia mpaka jua likapita utosini. Asubuhi zote zile, kabla mbuzi hawajatoka, wanawake ambao sijawahi kuwaona walikuwa wanatamka jina langu kwa sauti moja. Na mimi niliulizwa mara moja tu wewe ni nani kwangu.

Nilifungua sanduku, nikachukua leso, nikakimbia barabarani hata viatu sikufunga. Nikapata bodaboda. Nilimwambia, "Malaba, tafadhali, haraka." Yule kijana akasema, "Madam, ni bwana ametoroka?" Nilianza kulia, naye akaongeza mwendo, na alipaswa kuniacha mjini lakini akanipeleka mpaka mbele kabisa.

Niliwakuta kwenye kivuli cha trela, karibu na mpaka. Nakiru alikuwa amenyoosha miguu anapumzika. Nilipiga magoti kwenye lami. Kulikuwa na dereva anakula ndizi, na mama anauza mayai ya kuchemsha, na wote waliacha walichokuwa wanafanya. Shangazi, mimi ambaye siwezi kuinua mkono darasani, niliongea. Kwa Kiteso changu kibovu, nikikosea, nikirudia. Nilisema kuhusu tangi la maji. Nilisema wembe ulikuwa wangu. Nilisema kuhusu jagi na beseni, na Karamoja, na jinsi walivyocheka. Nikasema hata lile neno la mazishini, "Wanafanana", ambalo hakuna aliyeniuliza.

Nakiru alichukua leso, akaifungua juu ya mapaja yake, akazitandaza shanga kwa kidole. Akatafuta ule wa mfupa. Akautia mdomoni kuusafisha, akaukausha kwa shuka yake, akaufunga kwenye pindo. Nachap akachukua ule wa kalamu. Nilidhani watachukua zote, nikaisukuma leso kwao. Nakiru akairudisha kwangu.

Akasema, "Hizi nyingine zina wenyewe. Mimi siwezi kuwaambia. Utawaambia wewe."

Nikasema naogopa.

Akasema, "Basi njoo ukiogopa."

Hakusema amenisamehe. Hakunikumbatia. Aliinuka, akajipangusa vumbi, wakaenda kujiunga na foleni ya wanaovuka, na nikabaki nimesimama mpaka shuka yake ikapotea kati ya matrela. Yule mama wa mayai akanipa yai moja, akasema, "Kula, mwanangu." Nikala hapo hapo, nikilia, na hayo ndiyo machozi ambayo nilipaswa kulia siku ya chapati.

Nilipofika nyumbani nikawaambia Baba na Mama yote. Mama alitoa kile kitambaa kwenye cherehani, akakikunja, akakikunjua, akakirudisha. Hakuongea nami siku hiyo wala siku iliyofuata. Baba alitoka akaenda kwenye mahindi yake. Siku ya tatu alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Lori la vitunguu linavuka Jumanne. Nimeongea na dereva." Kisha akasema, "Usirudi na hata ushanga mmoja." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, na ni kubwa kuliko niliyostahili.

Sharleen nilimwandikia kwenye simu: "Yule hakuwa mfanyakazi. Alikuwa shangazi yangu. Picha ya mazishini ni yeye. Nilikudanganya mara mbili." Amesoma. Hajajibu. Labda sasa nitakula peke yangu tena. Nimewahi kula peke yangu, naweza.

Mchungaji alisikia naenda, akafurahi sana, akataka niitwe mbele Jumapili niwekewe mikono, jina langu liandikwe chini ya ramani yako. Kidogo nikubali, unajua navyoshindwa kukataa. Lakini nilimwambia hapana. Siendi kuhubiri. Naenda kurudisha vitu vya watu. Akaniangalia, akasema, "Hata hivyo tutakuombea." Hiyo nimekubali.

Naogopa, Shangazi. Naogopa safari, na naogopa zaidi mwisho wake. Sijui ni wa nani ule wa bluu, sijui ni cha nani kile kifungo cha shati. Majina yao uliyataja yote, siku ile kanisani, polepole, pamoja na watoto wao na magonjwa yao, na mimi nilikuwa naangalia saa. Nimejaribu kuyakumbuka na sipati hata moja. Itabidi nimuulize kila mmoja jina lake, mwanzo, kama mtu asiyejua kusoma anavyouliza ile alama inasema nini.

Na nikimaliza, wakinikubalia, nitakaa mpaka matokeo yatoke. Nachap aliniambia bati lako lina mkunjo katikati lakini bado linaandikika. Cherehani Mama amesema niiache, ila jana nilikuta ameweka sindano zako tatu na uzi kwenye begi langu, bila kusema.

Pumzika sasa. Nimeng'oa magugu kwenye kaburi lako leo asubuhi, na Baba ameahidi kuendelea. Nakuahidi nitamfikia kila mwenye ushanga, hata aliyehama na mifugo yake, hata aliyekasirika asitake kuniona. Nitapiga magoti, nitafungua leso, nitainua macho. Na kabla sijasema lolote kuhusu wembe, nitasema kwanza lile nililotakiwa kulisema kwenye nyasi za shule: huyu alikuwa shangazi yangu.

Ni mimi mtoto wako,
Akisa